Sikiliza Saa Yako kwa Kompyuta Kabla Hujaifungua

Saa imetoka kwa fundi, umelipa, umeivaa. Wiki inapita, unagundua imekutangulia dakika nne. Unairudisha palepale Makoroboi, Mwanza, fundi anaiweka sikioni, anasikiliza kidogo, kisha anakwambia, "Mbona inatembea vizuri tu, mzee wangu." Hakudanganyi. Sikio lake linatofautisha saa inayotembea na iliyosimama, na fundi mzoefu husikia hata ile inayochechemea. Lakini dakika nne kwa wiki ni sekunde 34 kwa siku, na hizo hakuna sikio linaloweza kuzisikia.

Kompyuta inazisikia. Laptopu ya zamani, maiki ya bei ndogo na programu ya bure vinatosha kukupa, ndani ya dakika mbili, vipimo ambavyo zamani vilihitaji mashine ya karakana kubwa kama Vibrograf ya Uswisi, iliyokuwa ikichapa nukta kwenye utepe wa karatasi. Siku hizi kuna mashine ndogo ya mezani kutoka China, Weishi, inayofanya kazi hiyohiyo, na fundi mwenye wateja wengi ni heri ainunue. Mwenye saa moja au mbili hana haja nayo.

Tunazungumzia saa za springi: za kutia ufunguo, na za automatiki zinazojijaza zenyewe mkononi. Seiko 5 aliyokuachia mzee, HMT ya India, Vostok ya Kirusi iliyorudi na mjomba aliyesoma Moscow, zote zimo. Saa ya betri ina mfumo mwingine kabisa. Hiyo ikianza kukosea, badilisha betri kwanza.

Kompyuta inasikia nini

Ndani ya saa kuna gurudumu dogo linalobembea kwenda na kurudi mchana kutwa na usiku kucha. Tuliite mizani. Springi nyembamba sana hulirudisha kila linapofika mwisho wa mbembeo wake. Kila linapopita katikati linagonga uma mdogo, uma unaachia jino moja la gurudumu la meno, na magurudumu yote mpaka kwenye mishale yanasogea hatua moja. Huo ndio mlio unaousikia.

Kila aina ya mashine ina mwendo wake wa kuzaliwa nao. Seiko 5 zenye mashine ya 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996, hupiga midundo 21,600 kwa saa, yaani 6 kila sekunde. HMT Janata hupiga 18,000, Vostok 19,800, na saa nyingi za Uswisi zenye mashine ya ETA 2824 hupiga 28,800. Sasa chukua Seiko inayotangulia sekunde 10 kwa siku. Kila mdundo wake unawahi kwa chini ya sehemu moja ya 50 ya milisekunde. Mdundo mmoja hauwezi kuonyesha kosa dogo kiasi hicho, kwa hiyo programu hukusanya midundo kwa mamia, ikailinganisha na saa ya ndani ya kompyuta, ndipo ikatoa jibu. Ndiyo maana namba za sekunde chache za mwanzo huruka huku na huko. Ziache zitulie.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya mimi niiamini kazi hii. Mlio mmoja wa saa una sauti tatu ndani yake, zilizobanana kiasi kwamba sisi tunasikia moja. Ya kwanza ni kito cha mizani kugonga uma, ya pili ni jino kuusukuma uma, ya tatu ni uma kusimama kwenye kizuizi chake. Mizani ikibembea kwa nguvu inapita haraka, na sauti ya kwanza na ya tatu zinakaribiana. Ikichoka, zinaachana. Katika Seiko yenye afya pengo hilo ni milisekunde 10 hivi. Katika ile iliyokaukiwa mafuta linafika 15 na zaidi. Kwa pengo hilo kompyuta inajua mizani inabembea digrii ngapi, na kifuniko hakijaguswa.

   

Vifaa na mahali

Programu inayofaa kuanzia inaitwa Tg. Imeandikwa na Marcello Mamino, ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Haihitaji mashine mpya. Ipakue kutoka kwenye ukurasa wa mwandishi wake mwenyewe. Ukikopiwa kwenye flashi ya rafiki unaweza kupewa na virusi vyake. Kuna programu za simu za Android pia, na baadhi si mbaya kwa kupima mwendo, ila maiki ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu na mara nyingi hupoteza zile sauti tatu. Kwa simu utapata namba ya kwanza. Hizo nyingine usizitegemee sana.

Maiki ya ndani ya laptopu mara nyingi haifai, maana iko jirani na feni. Jaribu hedifoni za simu zenye maiki kwenye waya. Laza saa juu ya taulo, weka kitundu cha maiki kigusane na kifuniko cha nyuma cha saa, au na kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo, kisha ufunike vyote kwa nguo nzito. Laptopu yenye tundu moja la sauti hupokea waya huo moja kwa moja. Yenye matundu mawili itahitaji kigawanyio, na ikiwa tundu lenyewe limekufa kuna vikadi vidogo vya sauti vya kuchomeka kwenye USB.

Njia bora zaidi ni piezo, kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa za mezani za alamu na kadi za muziki. Kikigeuzwa kinasikia badala ya kulia. Fundi redio yeyote anaweza kukitoa kwenye saa mbovu na kukiunganishia waya wenye kinga na plagi ya maiki. Kibane kwenye saa kwa kibanio cha nguo, chuma kwa chuma. Uzuri wake ni kwamba kinasikia mtikisiko wa chuma zaidi ya sauti za hewani, kwa hiyo honi za bodaboda hazikisumbui kama zinavyoisumbua maiki.

Kabla ya kupima, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows uzime maboresho yote ya maiki, hasa lile la kuondoa kelele. Wengi hukwama hapa wakidhani saa ni mbovu. Kompyuta imefundishwa kwamba sauti ndogo inayojirudia ni takataka, na mlio wa saa ndiyo sauti ndogo inayojirudia. Chomoa na chaji, utumie betri, maana umeme wa ukutani huingiza mvumo kwenye waya wa maiki.

Na uchague wakati. Mchana wenye kelele wa Mlango Mmoja au Kirumba hutapata kitu. Mvua ikianza kupiga bati, funga kazi. Usiku watu wakishalala, feni na redio zimezimwa, laptopu ikiwa meza moja na saa ikiwa meza nyingine, utaona skrini imetulia.

Namba tatu, zisomwe pamoja

Programu ikishaitambua saa, inaonyesha midundo kwa saa, kisha namba tatu, na chini yake mistari miwili ya nukta. Kwanza hakikisha idadi ya midundo ndiyo ya mashine yako. Ikisema 28,800 kwa Seiko ya 7S26, imesikia kitu kingine. Iambie mwenyewe ni 21,600.

Namba yenye s/d ndiyo mwendo: sekunde ambazo saa inatangulia, kama ni chanya, au inachelewa, kama ni hasi, kwa siku nzima. Hapa watu huanza kujitafutia ugonjwa. Seiko wenyewe wanasema mashine ya 7S26 iko sawa ikiwa kati ya kuchelewa sekunde 20 na kutangulia 40 kwa siku. Saa za Uswisi zenye cheti cha kronomita kutoka taasisi ya COSC ndizo zinazotakiwa kubaki kati ya kuchelewa sekunde 4 na kutangulia 6. Kwa hiyo Seiko 5 inayotangulia sekunde 15 haina tatizo la kulipia. Hata ile ya sekunde 40, ukiirekebisha kila Jumapili, haifikishi dakika tano za makosa, na kivuko cha Kamanga hakitakuacha kwa ajili yake. Ukiiacha mwezi mzima ndipo inafika dakika 20.

Namba yenye alama ya digrii ni upana wa mbembeo, na kwangu hii ndiyo namba kubwa kuliko zote. Saa yenye afya, ikiwa imejaa na imelazwa chali, mizani yake hubembea digrii 270 hadi 310. Seiko nyingi hukaa chini kidogo ya hapo, na 250 isikutie presha. Ikishuka chini ya 200 ilhali saa imejaa, mafuta yamekauka au kuna uchafu, na inahitaji kufunguliwa yote na kusafishwa. Ikizidi 330, kito cha mizani kiko karibu kuugonga uma kwa nyuma, na saa itaanza kukimbia ovyo.

Lakini kipimo hiki kina sharti. Programu inahitaji kuambiwa pembe ya msukumo ya mashine yako, yaani digrii ambazo mizani hupita ikiwa inagusana na uma, nayo haiwezi kuikisia. Ukiiacha ilivyo, hutumia 52. Kwa 7S26 weka 53, kwa ETA 2824 weka 50, kwa mashine ya Miyota 8215 weka 49. Kwa Seiko kosa la digrii moja si kitu. Kwa Vostok ni balaa, maana pembe yake ni 42: mbembeo halisi wa digrii 230 utasomeka kama 285, na saa inayoanza kuchoka itapewa cheti cha uzima.

Namba ya tatu, yenye ms, ni hitilafu ya mdundo. Inapima kama "tik" na "tak" zina nafasi sawa kati yake. Saa ambayo mizani yake haikukaa katikati hulia kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Chini ya milisekunde 0.6 ni vizuri, mpaka 1.0 inavumilika, na 3 au 4 inaweza kuifanya saa ya kutia ufunguo igome kuanza yenyewe baada ya kujazwa. Kwenye skrini hitilafu hii ndiyo umbali kati ya ile mistari miwili ya nukta.

Mistari yenyewe itazame vizuri kabla ya kuondoka. Ikinyooka na kuinama upande mmoja, saa ina kosa la mwendo tu, na kosa hilo linarekebishika. Ikipanda na kushuka kwa mawimbi yanayojirudia, kuna gurudumu lenye jino bovu au uchafu. Nukta zikitawanyika ovyo, angalia kwanza kama ni kelele ya chumba. Ukishahakikisha chumba kiko kimya na bado zimetawanyika, saa yenyewe ni chafu.

Usiishie kwenye mkao mmoja

Saa iliyolazwa juu ya meza ni saa iliyopumzika. Mkononi inainama, inasimama, inageuka. Ipime ikiwa imejaa, uso juu. Kisha uso chini. Kisha isimamishe ubavu, kifundo kikiwa chini, juu, kushoto. Kila mkao uupe dakika moja au mbili na uandike namba zote tatu. Mbembeo kushuka digrii 20 hadi 40 saa inaposimama ni kawaida. Mwendo nao hubadilika. Tofauti ya sekunde 15 kati ya mikao katika Seiko ya kawaida si ya kushangaza. Tofauti ya sekunde 60 inataka fundi.

Kisha iache siku nzima bila kuivaa wala kuijaza, uipime tena. Saa iliyosafishwa vizuri hupungua mbembeo kwa utaratibu. Ile iliyopigwa petroli na kurudishiwa tone moja la mafuta ya cherehani inaonekana nzuri siku ya kwanza na kuporomoka mapema, na kipimo hiki cha pili ndicho kinachoifichua.

Angalizo kwa wenye 7S26: mashine hiyo haijazwi kwa kuzungusha kifundo. Ivae kutwa, au izungushe kwa upole mkononi, ndipo uipime. Wengi wameihukumu Seiko nzima kwa kuipima ikiwa na njaa.

Na kompyuta nayo si malaika. Saa yake ya ndani inaweza kukosea sekunde kadhaa kwa siku. Tg ina njia ya kujirekebisha kwa kusikiliza saa ya betri, na hata bila hiyo kuna kipimo ambacho hakuna programu inayokishinda: weka saa yako sawa na simu inayojichukulia saa mtandaoni, ivae wiki nzima, kisha ulinganishe na ugawanye kwa saba. Programu ikisema +8 na mkono ukasema +12, amini mkono.

Sumaku na maji

Saa iliyokuwa ikienda vizuri jana na leo inatangulia dakika kadhaa kwa siku, usimruhusu mtu aifungue kwanza. Uwezekano mkubwa imeshikwa na sumaku. Ile springi nyembamba ya mizani ikipata sumaku, mizunguko yake hugandana, inakuwa fupi, na saa inakimbia. Spika kubwa za muziki, kava za simu zenye sumaku, na karakana za kuchomelea ni vyanzo vya kila siku. Sogeza saa karibu na dira, hata ya kwenye simu. Sindano ikihama sana, umepata jibu. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo na kazi yake ni ya sekunde chache. Kulipia usafishaji mzima kwa tatizo la sumaku ni kutupa pesa.

Maji ni habari nyingine, na programu haiyapimi kabisa. Kwa wavuvi wa dagaa, mabaharia na wanaoshinda soko la samaki la Mwaloni, adui mkubwa wa saa ni unyevu unaopita kwenye mpira wa kifuniko uliozeeka. Saa inaweza kusoma digrii 280 leo na ndani kutu imeshaanza. Maandishi ya mita 50 kwenye kifuniko yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani, mpira ukiwa mpya, na hata hapo hayakumaanisha uogelee nayo kila siku. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usisubiri ukauke wenyewe na usianze kupima. Ipeleke siku hiyohiyo ifunguliwe. Na kila saa inapofunguliwa kwa sababu yoyote, dai mpira mpya.

Kurekebisha mwenyewe?

Nyuma ya saa, juu ya mizani, kuna kijiti kidogo chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kukisogeza kwa unywele mmoja kunabadilisha makumi ya sekunde. Ukiwa na mkono uliotulia, saa ya kujifunzia ambayo hutaililia, na programu ikionyesha matokeo papo hapo, unaweza kujifunza. Kuna kijiti cha pili kinachorekebisha hitilafu ya mdundo. Hicho usikishike mpaka ujue kipi ni kipi. Bisibisi ikiteleza na kugusa ile springi, umekwisha. Wala usiifungue saa usiku dirisha likiwa wazi na taa imewaka, wakati wadudu wa ziwani wanajaa chumbani.

Na usirekebishe mwendo wa saa yenye mbembeo mdogo. Ukiilazimisha saa yenye digrii 180 isome sifuri, umepaka rangi mtumbwi unaovuja. Itasafishwa siku moja, mbembeo utarudi 270, na mwendo uliokuwa umeuchezea utakuwa umeharibika upya.

Mafundi wengine watachukia mteja anayekuja na namba. Wengi watafurahi, kwa sababu mteja huyo halalamiki ovyo. Andika kwenye karatasi aina ya mashine, mwendo, digrii na hitilafu katika mikao miwili au mitatu, umkabidhi fundi pamoja na saa. Siku ya kuichukua mwombe aipime mbele yako, au uje na laptopu yako. Digrii zisipopanda, saa haikusafishwa, na una haki ya kuiacha palepale mezani hadi kazi ikamilike.